Shamba Hili ni la Nani?

Ukisimama juu ya kilima cha Cara, karibu na mji mdogo wa Cancar katika nchi ya Manggarai, magharibi mwa kisiwa cha Flores huko Indonesia, waona bondeni chini yako mashamba ya mpunga yaliyogawanywa kwa namna ya ajabu. Hayana pembe nne kama mashamba ya kwetu. Mipaka yake yaanza mahali pamoja katikati, kisha yaachana kadiri iendavyo nje, na matuta ya kuzuia maji yaikata njiani, hata bonde lote lafanana na utando wa buibui. Ndilo jina walilolipewa na wageni, mashamba ya utando wa buibui, na wageni hao hupanda kilima, wakapiga picha, wakaenda zao. Sisi twapenda msomaji abaki kidogo pale juu, kwani utando ule haukufanywa kuwa urembo. Ni jibu ambalo mababu wa wakulima wale walilitoa, kwa jembe na kwa kigingi, juu ya swali linalowasumbua wanafalsafa na watunga sheria hata leo: shamba hili ni la nani?

Nchi yenyewe si ngeni kwetu kama tunavyoweza kudhani. Indonesia ina Waislamu wengi kupita nchi yo yote ya dunia, lakini katika kisiwa cha Flores wakazi wengi ni Wakatoliki. Jina lake lilitoka kwa Wareno, nalo maana yake ni maua. Wadominikani walihubiri pande zile tangu karne ya 16, wakafuatwa baadaye na Wajesuiti, kisha mapadre wa Shirika la Neno la Mungu, na jimbo la Ruteng, lililo katika nchi ya Manggarai, liliundwa mwaka 1961. Ni nchi ya milima na ukungu, yenye baridi asubuhi, ya mpunga na mahindi na kahawa. Hata mgomba ulio nyuma ya nyumba ya msomaji una asili yake pande zile za Asia ya Kusini-Mashariki. Ulivushwa bahari ya Hindi zamani za kale, kabla ya mtu wa kutuandikia habari zake. Basi tukiongea juu ya wakulima wale twaongea juu ya jamaa wa mbali.

Kijiji cha Manggarai cha desturi kina nyumba kuu iitwayo mbaru gendang, yaani nyumba ya ngoma, ambamo ngoma za ukoo hutunzwa. Nje ya kijiji yako mashamba ya pamoja, na kila shamba la namna hiyo laitwa lingko. Watu husema kwamba ngoma iliyo ndani na shamba lililo nje ni kitu kimoja. Kijiji kisicho na shamba si kijiji, na shamba lisilo na nyumba ya ngoma halina mwenyewe. Zamani, kijiji kilipotaka kufungua lingko mpya, mzee wa ardhi, ambaye huitwa tua teno, aliongoza watu mpaka mahali palipochaguliwa kuwa kitovu. Palichimbiwa mti, ikatolewa sadaka, na pale mguuni pa mti kila jamaa ilipimiwa fungu lake kwa upana wa vidole. Neno lenyewe la fungu, moso, maana yake ni kidole. Kutoka kwenye vidole hivyo mistari ilivutwa mpaka ukingo wa nje, na kile kilichokuwa chembamba kitovuni kikawa shamba la kulisha watu nyumba nzima.

Tazama vema jambo lililotendeka hapo. Kila jamaa ilipata fungu lililo lake hasa. Jirani hakuruhusiwa kuuvuka mpaka, wala mvivu hakuvuna alipolima mwenye bidii. Hayo si mashamba ya watu wote kwa maana ya kwamba si ya mtu. Lakini kila fungu lilianzia chini ya mti mmoja, na mti ule haukuwa wa mtu. Hakuna aliyeweza kuonyesha mwanzo wa shamba lake bila kunyosha kidole mahali ambapo pia ni mwanzo wa shamba la mwenzake. Tena, mashamba yale yalikuwa ya nchi kavu. Baada ya mavuno kadhaa yaliachwa yapumzike, watu wakafungua lingko nyingine, na vidole vikapimwa upya. Mtu alikuwa na haki muda aliokuwa na kazi.

Tulipokuwa seminari kuu tulifundishwa mafundisho ya Mtakatifu Thoma wa Akwino juu ya mali, tukayakariri kwa ajili ya mtihani. Twakiri kwamba hatukuwahi kuyaona kwa macho mpaka tulipokuja kujifunza habari za lingko. Mtakatifu Thoma, aliyefariki mwaka 1274, auliza kama ni halali mtu kumiliki kitu kama chake, na jibu lake lina pande mbili. Watu wengi hulikata jibu hilo vipande viwili wakachukua kile kinachowapendeza. Upande wa kwanza asema kwamba kwa habari ya kukipata kitu, kukitunza na kukigawa, mtu aweza kuwa nacho kama chake, tena yafaa awe nacho. Kwa maana kila mtu hukitunza kilicho chake kuliko kilicho cha wote, kazi huenda kwa utaratibu kila mtu ajuapo lake, na watu hukaa kwa amani zaidi. Upande wa pili asema kwamba kwa habari ya kukitumia, mtu hapaswi kukihesabu kuwa chake peke yake, bali awe tayari kuwashirikisha wenye shida. Hata aendelea kusema kwamba mtu aliyebanwa na shida kubwa iliyo wazi, asiyekuwa na njia nyingine ya kujiokoa, akitwaa cha mwingine ili apone, hatendi wizi kwa kweli.

Upande wa kwanza wawapendeza matajiri. Upande wa pili wawapendeza wale ambao hawajapata kitu bado. Baba Mtakatifu Leo XIII, katika waraka wake wa mwaka 1891 juu ya hali ya wafanya kazi, alizishika zote mbili kwa mkono mmoja: aliitetea haki ya maskini kuwa na kipande chake cha ardhi, na papo hapo akamkumbusha mwenye mali kuwa ametwikwa wajibu. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulifundisha kwamba Mungu aliiweka dunia na vyote vilivyomo kwa matumizi ya watu wote. Na Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1987, alitumia neno ambalo mkulima ye yote aliyewahi kukopa alielewa mara moja: mali ya mtu binafsi ina rehani juu yake, rehani ya jamii. Ni yako, lakini kuna anayekudai.

Sasa tusijidanganye. Ni rahisi mno kwa mtu akaaye mbali kuyageuza maisha ya wakulima wa milimani yakawa Paradiso. Vidole vya mzee wa ardhi havikuwa sawa kwa watu wote. Wazee na wenye cheo walipata fungu nono kuliko wengine, na mgeni aliyehamia alipata kwa hisani tu. Liko na jambo zito zaidi. Kwa desturi ya Manggarai mtoto mwanamume huitwa mtu wa ndani, na binti huitwa mtu wa nje, kwa sababu ataolewa katika ukoo mwingine. Na aliye wa nje harithi ardhi. Binti yule alipalilia fungu la baba yake tangu utoto, akavuna, akabeba mizigo mgongoni akipanda njia za milimani, na siku ya kupima vidole hakuhesabiwa. Desturi yenyewe yajua kwamba hapa pana doa, maana imeacha njia ya baba kumpa binti yake kipande kama zawadi. Lakini zawadi hutolewa apendapo mwenye kutoa, na haki haingoji mtu apende. Msomaji asiwacheke watu wa Manggarai kwa jambo hilo kabla hajahesabu ni mabinti wangapi wa kijiji chake mwenyewe walioandikwa katika mirathi.

Twayasema haya kwa sababu neno "pamoja" hupendwa sana siku hizi, na mtu akilisikia hudhani kwamba haki imekwisha kufika. Haijafika. Watu waweza kuwa pamoja kuuzunguka mti mmoja na bado wakawafungia nje nusu yao.

Yaliyobadili mambo hasa hayakuwa mahubiri wala siasa. Yalikuwa mimea miwili. Katika nyakati za Wadachi kahawa ilienea milimani, na mpunga wa majini ukaanza kushika mahali pa mpunga wa nchi kavu. Msomaji wa Kilimanjaro, wa Bukoba au wa Mbinga hahitaji kuelezwa maana yake. Mahindi huyavuna, ukaacha shamba lipumzike. Lakini mkahawa hukaa ardhini miaka mingi, na aliyeupanda hawezi kuambiwa kwamba vidole vitapimwa upya mwaka ujao. Vivyo hivyo tuta la maji lililojengwa kwa jasho la baba na mwana haliachwi. Basi fungu lililokuwa la muda likawa la kudumu, likarithiwa, likagawanywa kati ya ndugu, na kitovu kikabaki kama kovu, alama ya jambo lililokuwa hai zamani. Sheria ya ardhi ya Indonesia ya mwaka 1960 ikaja juu ya hayo. Sheria hiyo, tuseme kwa haki, ina maneno mema. Yatamka kwamba kila haki juu ya ardhi ina kazi kwa jamii, na inatambua haki za jumuiya za desturi, mradi jumuiya hizo ziwe zipo kweli na haki zao zisipingane na faida ya taifa. Maneno ya mwisho ni mlango mpana, na wamepita humo wengi. Tena sheria inampa mtu hati yenye jina lake. Hati ni ngao nzuri kwa mnyonge. Lakini hati haina kitovu. Ina pembe nne tu na mhuri.

Hapa ndipo swali letu linapouma. Tuseme yupo mkulima mwenye fungu lake katika lingko ya zamani, naye ana hati. Mtoto wake amelazwa hospitali mjini, au amefaulu kwenda chuo kikuu na karo haipatikani. Anakuja mtu kutoka Labuan Bajo, bandari ya magharibi ambako watalii hupanda vyombo kwenda kuwaona majoka wa Komodo na ambako bei ya ardhi imepanda sana. Mtu huyo ana fedha taslimu. Hatalima, anataka kuishika ardhi mpaka bei ipande tena. Je, mkulima yule ana haki ya kuuza?

Mwanasheria atasema: bila shaka, hati ni yake. Mzee wa desturi atasema: la, hasha, ardhi ni ya waliokufa na ya wasiozaliwa. Kila mmoja amesema kweli, na mtoto bado yu hospitali.

Fungua Biblia, kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Watu wengi husoma habari za Nabothi wakaona tu mfalme mwovu amnyang'anyaye maskini shamba la mizabibu. Lakini angalia jinsi mambo yalivyoanza. Mfalme Ahabu hakuanza kwa kunyang'anya. Alitoa bei. Alimwahidi Nabothi shamba lililo bora zaidi, au fedha kamili. Kwa macho ya soko hiyo ilikuwa biashara safi, na Nabothi angekuwa mpumbavu kuikataa. Naye aliikataa, kwa sababu lile shamba lilikuwa urithi wa baba zake. Nabothi alilikinga shamba lake dhidi ya mfalme kwa neno "langu", na wakati uo huo alikiri kwamba halikuwa lake kiasi cha kuliuza. Hayo mawili hayakupingana moyoni mwake. Aliyekuwa na mali isiyouzika ndiye aliyeweza kusimama mbele ya kiti cha enzi. Ndiyo maana Yezabeli alilazimika kutafuta mashahidi wa uongo.

Sheria ya Musa, katika kitabu cha Walawi sura ya 25, yafundisha jambo lilo hilo, kwamba ardhi isiuzwe moja kwa moja, kwa sababu ni ya Mungu na watu ni wapangaji wake. Lakini Sheria haikumwacha maskini na maneno hayo tu. Ilijua kwamba siku mbaya zaja, na kwamba mtu atauza. Kwa hiyo iliweka wajibu juu ya ndugu wa karibu: aende akaikomboe ardhi ile. Katika lugha yetu twasema mtu amekwenda kukomboa rehani yake, na kwa neno lilo hilo twamwita Bwana wetu Mkombozi. Pengine tumelizoea mno jina hilo takatifu hata tumesahau kwamba kazi ya kwanza ya mkombozi katika Israeli ilikuwa kutoa fedha mfukoni ili shamba la ndugu yake lisipotee.

Basi kwa maoni yetu, lawama ya shamba lililouzwa haianzi kwa aliyeuza. Yaanza kwa majirani waliolisha ng'ombe wao kando ya nyumba yake, wakasikia kwamba mtoto amelazwa, wakasema pole, wakarudi kulala. Wao hao kesho yake watakuwa wa kwanza kusema kwamba ameuza mifupa ya mababu. Kama kitovu ni cha wote siku ya kutukana, kiwe cha wote pia siku ya kulipa hospitali. Anayekataza kuuza bila kukomboa anataka sadaka itolewe na mtu mwingine. Hapo yule mwenye upungufu aweza kuuza, wala sisi hatutathubutu kumwambia katika kitubio kwamba ametenda dhambi.

Kwa habari ya mnunuzi, twasema vingine. Yeye hana njaa. Anaichukua ardhi ya chakula akaifunga, ili kungoja kwake tu kumletee faida. Mtakatifu Thoma aliruhusu umilikaji kwa sababu mwenye kitu hukitunza vizuri zaidi. Mtu huyu hakitunzi hata kidogo. Ameivua haki yake ile sababu iliyoipa uhai, akabaki na karatasi.

Wengine watatuambia kwamba dawa ya mambo haya ni serikali: yeye aliye wa wote na ashike ardhi kwa niaba ya wote. Katiba ya Indonesia ya mwaka 1945 inayo maneno ya namna hiyo, kwamba ardhi na maji yako chini ya serikali kwa ajili ya ustawi mkuu wa watu. Lakini Manggarai imekwisha kuonja utamu na uchungu wa maneno hayo. Katika miaka ya 2002 hadi 2004 serikali ya wilaya iliamuru mikahawa iliyopandwa katika maeneo yaliyohesabiwa kuwa msitu ikatwe. Twakubali kwamba msitu ni mali ya wote kweli; maji ya mashamba ya bondeni hutoka huko juu, na anayefyeka kilele anamnyima jirani yake mpunga. Lakini wakulima walishika kwamba ardhi ile ni ya mababu zao, na kwamba mipaka ya msitu ilichorwa pasipo wao. Tarehe 10 Machi 2004 umati wa wakulima ulikwenda Ruteng kudai wenzao waliokamatwa waachiliwe. Polisi wakafyatua risasi, na wakulima kadhaa wakafa. Miaka tisa baadaye, mwaka 2013, Mahakama ya Katiba ya Indonesia iliamua kwamba msitu wa jumuiya za desturi si msitu wa serikali. Uamuzi ni mwema. Waliokufa Ruteng hawakuusikia.

Na katika milima ya Poco Leok, si mbali na Ruteng, wanakijiji wengi wameukataa mradi wa shirika la umeme la serikali wa kuchimba jotoardhi katika nchi yao. Umeme ni kitu kizuri, na taa ya mwanafunzi ni faida ya jamii pia. Hata hivyo mwaka 2025 maaskofu wa majimbo ya Flores walitamka wazi kwamba wanapinga miradi hiyo katika kisiwa chao, kisiwa chembamba chenye milima ya moto na wakulima wanaotegemea udongo na chemchemi. Si kazi yetu hapa kupima visima vya mvuke. Twaona tu kwamba Ahabu naye alitaka shamba la Nabothi kwa ajili ya mboga, na mboga ni chakula. Uzuri wa kitu kitakachopandwa haujibu swali la kwamba mwenye shamba ameulizwa na akakubali.

Ingekuwa raha kumaliza hapo, maaskofu wakiwa upande wa wakulima na gazeti la jimbo likiwasifu. Lakini ukweli hautupi ruhusa. Katika kisiwa hicho hicho, upande wa mashariki, pwani ya Sikka, liko shamba kubwa la minazi mahali paitwapo Nangahale. Wakati wa ukoloni lilikuwa la kampuni ya Kidachi, kisha likanunuliwa na misheni, na siku hizi liko mikononi mwa kampuni ya jimbo la Maumere. Jumuiya za wenyeji zimedai kwa miaka mingi kwamba ile ni ardhi ya mababu zao, iliyotwaliwa na Wadachi kabla Kanisa halijaigusa. Mwezi wa Januari 2025 nyumba za watu waliokuwa wakikaa humo zilibomolewa. Jimbo lina hati, na linasema kwamba linaitunza mali kwa ajili ya kazi zake za kuwahudumia watu. Hatuko mahali pa hakimu, wala hatujui kila jambo lililotangulia mpaka siku ile. Lakini sisi mapadre twapaswa kuyasikia masikioni mwetu maneno tuliyomwambia yule mnunuzi wa Labuan Bajo. Kununua kwa halali kutoka kwa mtu aliyetwaa kwa nguvu si sawa na kupimiwa vidole mguuni pa mti. Na kama mafundisho ya Mitume na Mababa juu ya mali yanamfunga mfanya biashara, hayawezi kulegea yafikapo kwenye lango la misheni.

Turudi milimani. Liko kijiji kimoja kidogo cha Manggarai kiitwacho Wae Rebo, kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,000, ambacho hufikiwa kwa miguu tu kwa kupita msituni. Kina nyumba saba za mviringo, zenye mapaa ya nyasi yanayoshuka kutoka kileleni mpaka karibu na ardhi. Zilikuwa zimeanza kuanguka na kupungua. Zikajengwa upya na wanakijiji kwa msaada wa marafiki kutoka miji ya mbali, na mwaka 2012 UNESCO iliwapa tuzo kwa kazi hiyo. Katika nyumba kuu jamaa nane hukaa chini ya paa moja, kila moja ina chumba chake, na moto wa kupikia uko katikati. Lakini sisi tulivutwa zaidi na vilivyo juu ya vichwa vyao. Ndani ya paa lile mna ghorofa kadhaa zinazozidi kuwa ndogo kadiri zipandavyo. Mojawapo ni ya mbegu. Nyingine ni ya akiba ya chakula kwa mwaka wa njaa, mvua ikikosa. Akiba ile si ya jamaa moja. Watu wanaolala kila mmoja chumbani mwake, juu yao kuna chakula cha siku mbaya ya ye yote kati yao.

Wakulima wa Flores wa leo hawawezi wote kukaa katika nyumba saba, wala hospitali haipokei mahindi. Lakini vyama vya kuweka na kukopa vimeenea sana katika kisiwa kile, vingi vyao vikiwa vimeanza kwa bidii ya Wakatoliki wa vijijini, na wanachama wake ni wakulima, wauza samaki na wafumaji wa vitambaa. Kila mmoja huleta kidogo kila mwezi, na mwanamke huandikwa kwa jina lake mwenyewe, hata yule aliyeitwa mtu wa nje. Kazi yenyewe haina ngoma wala sadaka, ni kitabu cha hesabu na watu wanaobishana juu ya nani amechelewa kulipa. Mtoto akilazwa, baba au mama yake aenda kwanza pale, kabla ya kumpigia simu mtu wa Labuan Bajo.